Wageni wa Nusu Siku

"Shati hilo livue," Rösli alisema. "Umekaa kama mtu anayekwenda mazikoni."

"Ninalo hili na la kupandia mlima," Kobi alimjibu, huku akijifunga kifungo cha shingoni. "Nivae la mlimani nitembee nalo mjini kama Mjerumani?"

"Wenzako wote leo watakuwa Wajerumani. Mngefanana."

Kobi hakucheka. Asubuhi ile ya Jumanne hakuna aliyekuwa na nguvu ya kucheka katika nyumba ya akina Zemp, ambayo nusu yake ilikwisha kuingia kwenye maboksi. Picha zilikuwa zimeondolewa ukutani zikaacha alama za mraba, na Rösli kila alipopita alizisugua kwa kitambaa, ingawa alijua hazitoki. Siku ya kukabidhi nyumba angekuja mtu wa kupitisha kidole juu ya milango kutafuta vumbi. Kwamba wiki itakayofuata milango hiyo hiyo ingeng'olewa kwa nyundo, hilo halikumhusu mtu wa kidole, wala halikumhusu Rösli. Nyumba hukabidhiwa safi.

Jumba lao la Mtaa wa Basel lilikuwa limenunuliwa. Wenye kununua waliwataka wapangaji wote wahame ifikapo mwisho wa Septemba, ili walitengeneze upya na kulipangisha kwa bei ambayo Kobi alipotajiwa aliomba atajiwe tena. Kobi alikuwa fundi mabomba maisha yake yote, sasa amestaafu. Pensheni yake na ya mkewe ukizijumlisha hazikufikia hata kodi ya jiko la nyumba hiyo mpya. Kisha mwezi Agosti akaja kijana wa kampuni, suruali fupi juu ya vifundo vya miguu kama mtu anayevuka mto, akagonga kila mlango na kugawa bahasha. Ndani yake, tiketi mbili kwa kila kaya: kutembezwa mjini Luzern nusu siku, kwa miguu na kwa meli, pamoja na kiongozi. "Ni ishara ya shukrani kwa uaminifu wenu," kijana alisema.

Wamekaa mle miaka thelathini na minane. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema. Ila punda huyu alikuwa na adabu zake, alipiga teke akatoa na zawadi.

Mreno wa ghorofa ya tatu alizichana zake pale pale ngazini. Rösli alitaka kufanya vivyo hivyo, lakini Kobi alikwisha kuzipokea, akazisoma mbele na nyuma, akasema, "Zimelipiwa." Kwa Kobi Zemp neno hilo lilimaliza mjadala. Kitu kilicholipiwa hakitupwi, hata kiwe matusi.

"Na simu ya Achermann?" Rösli aliuliza sasa, wakiwa mlangoni.

"Simu ni ya mkononi. Itatukuta hata ziwani."

"Tungewaambia hatuji."

"Majina yetu wanayo. Watu wasimame wakitusubiri sisi? Hapana, mama. Twende."

Simu hiyo ndiyo iliyowanyima usingizi tangu Ijumaa. Katika chama cha ushirika wa nyumba palikuwa na nafasi moja, vyumba viwili na kijichumba wanachokiita nusu, karibu na makaburi ya Friedental, kodi ya watu wa kawaida. Walikwenda kuiona katika foleni iliyoteremka ngazi mpaka barabarani. Balkoni yake ilitazama makaburi. "Majirani watulivu," Kobi alisema, na hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kutania. Ijumaa Bwana Achermann, katibu wa ushirika, akawapigia: bodi imewaweka mbele. Uamuzi wa mwisho unatoka Jumanne, atapiga kabla ya saa sita mchana, na anayepigiwa lazima aseme ndiyo papo hapo. Asipopatikana, nyumba inakwenda kwa anayefuata.

Wakiikosa hiyo, kipo chumba cha chini kwa binti yao Irène, kijijini Huttwil. Mkwe wao Reto anakiita chumba cha wageni, na ndani yake mna mashine ya kupasulia kuni. Reto alikwisha kuwaambia, kwa upole kabisa, wachague kuja na kitanda au na kabati, kwa sababu vyote viwili havitaingia. Alikwisha kuwaambia pia saa za kuoga.

*

Walifika kituo cha reli mapema mno, wakasimama kando kama watu waliofika harusini kabla ya wenye harusi. Kiongozi alikuwa msichana aitwaye Ladina, mwenye mwavuli wa manjano na sauti ya kutabasamu. Alimbandika kila mtu kifuani kibandiko cha duara cha manjano. "Ili nisiwapoteze," alisema.

Kobi alikitazama chake. "Sijawahi kupotea hapa," alimwambia mkewe chinichini.

"Leo ni mgeni. Tulia."

Kundi zima lilitoka Ujerumani kaskazini. Mama mmoja mnene mwenye kofia ya buluu, Bibi Petersen wa Bremen, aliwachangamkia mara moja. Alikuwa mjane, na mjane akiwa safarini huongea na kila mtu.

"Mara yenu ya kwanza Luzern?" aliwauliza.

Kobi hakujua kusema uongo, na ukweli ulikuwa mrefu. "Kwa namna hii, ndiyo," alijibu.

Walivushwa lile daraja la mbao lenye paa, wakaoneshwa mnara wa maji, wakaambiwa watazame juu. Rösli hakutazama juu. Alikuwa amebana mkoba kwapani, mkono ndani yake, vidole juu ya simu. Kila baada ya hatua chache aliitoa, akaitazama, akairudisha.

"Unaisumbua," Kobi alisema.

"Achana nami."

Wakiwa wanatoka darajani walikutana uso kwa uso na Trudi Odermatt, aliyewauzia mkate kwa miaka mingi kabla duka lake halijageuka duka la saa. Alikiona kibandiko cha Kobi, akakiona cha Rösli, akauona mwavuli.

"Kobi Zemp! Ndiyo umekuwa mtalii? Nikupige picha na bata?"

"Ni tiketi za bure," Kobi alisema, na masikio yake yakawa mekundu.

"Za bure! Mpaka watu wa Mtaa wa Basel siku hizi wanatembezwa. Mkifika kwenye duka la chokoleti mninunulie na mie."

Alikuwa akitania tu, Trudi hana roho mbaya. Lakini Rösli alihisi kile kibandiko kikimuunguza kifuani. Alitaka kumwambia kwamba wanafukuzwa, kwamba hii ndiyo hongo yao ya kwenda kimya kimya. Lakini watu wa pale hawasimamishani barabarani kuelezana mambo ya namna hiyo. Alisema, "Msalimie Hans," wakaendelea kuufuata mwavuli.

Kwenye mapumziko Ladina aliwapeleka mkahawani ukingoni mwa mto. Wajerumani waliketi, wakasoma bei, wakacheka kwa mshtuko, kisha wakaagiza. Kobi na Rösli walikwenda kwenye benchi kando kidogo, wakatoa chupa ya chai. Mhudumu aliwafuata hadi pale, akawaambia kwa adabu kwamba benchi hilo ni la wateja. Wakanywa chai yao wamesimama, wakipokezana kifuniko.

"Tungekunywa kahawa moja tu, mzee," Rösli alisema. "Siku moja."

"Kwa bei ile? Tutakunywa kwenye nyumba mpya," Kobi alisema. "Pale balkoni."

*

Kwenye mlango wa kanisa la Wajesuiti palikuwa na kibao chenye picha ya simu iliyopigwa mstari mwekundu. Ladina aliwakusanya chini yake.

"Mabibi na mabwana, simu zizimwe tafadhali. Mpiga kinanda anafanya mazoezi, naye ni mkali kuliko askofu."

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa Kijerumani alikigonga kioo cha simu yake mara moja akaitia mfukoni, basi. Kobi alimtazama mkewe.

"Zima."

"Nimeondoa sauti."

"Imeandikwa kuzima. Kuondoa sauti ni kitu kingine."

"Kobi, leo? Leo jamani?"

"Ni dakika kumi. Hawezi kupiga katika dakika hizo hizo kumi."

"Na akipiga?"

"Atapiga tena. Ni Bwana Achermann, si mwizi." Akanyoosha mkono, kiganja juu.

Ndoa ya muda mrefu ina mazoea yake. Mkono ukinyooshwa, mwingine anaweka kitu. Rösli aliitoa simu akampa. Kobi aliibonyeza mpaka kioo kikawa cheusi, akamrudishia, wakaingia. Ndivyo alivyo mtu huyu. Hajawahi kufungulia maji ya kuoga baada ya saa nne usiku asije akamwamsha jirani. Hajawahi kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, hata alfajiri, hata pasipo gari. Alimlea Irène hivyo, aliwafundisha mafundi wake hivyo, na moyoni aliamini kwamba mahali fulani kuna mtu anayaona hayo yote na kuyawekea alama.

Kanisa ndani ni jeupe, dari limejaa picha na dhahabu. Dakika kumi zingekuwa za kweli kama mpiga kinanda asingeanza kupiga. Alianza. Ladina aliinua kidole mdomoni, akawaashiria waketi wasikilize, bahati kama hii haiji kila siku. Wimbo wa kwanza ukaisha, ukaja wa pili, mrefu kuliko wa kwanza. Rösli aliinuka nusu. Benchi likalia, watu wa mbele wakageuka, Bibi Petersen akamtazama kwa huruma kama mtu aliyebanwa na haja. Rösli akaketi. Nani anatoka katikati ya muziki? Hata yeye hakuweza. Baadaye angelikumbuka benchi lile kuliko ule mkono wa Kobi.

Upande wa pili wa mji, Bwana Achermann alikuwa na mafua. Alipiga namba ya akina Zemp, akasikia kwamba mteja hapatikani. Alipenga pua, akanywa chai, akapiga tena. Aliwapenda wazee wale. Siku ya kuoneshwa nyumba ni wao peke yao waliovua viatu mlangoni. Alikaa akiitazama simu kwa muda mrefu kuliko kanuni ilivyomruhusu, akapiga mara ya tatu. Kisha akampigia anayefuata, naye akasema ndiyo kabla hajamaliza kujitambulisha.

*

Nje, jua lilikuwa limewaka mtoni. Ladina alianza kueleza habari za ukuta wa kanisa. Rösli aliiwasha simu, ikatetemeka mara tatu mkononi. Alijitenga, akasimama karibu na kizuizi cha chuma cha ukingoni mwa mto, akapiga.

"Bibi Zemp," Achermann alisema. "Nimepiga mara tatu."

"Tulikuwa kanisani."

"Kanisani? Jumanne?"

"Mume wangu aliizima. Kulikuwa na kibao mlangoni."

Achermann akapenga pua. "Alifanya vizuri," alisema. "Kweli kabisa. Siku hizi watu hawaheshimu tena. Mke wangu anaimba kwaya, ananisimulia, simu zinalia mpaka kwenye sala."

"Na nyumba, Bwana Achermann?"

"Amekwisha kukubali mwingine. Binti mmoja, ana mtoto mchanga." Akakohoa. "Nisamehe, bibi. Kanuni nimezikuta, sikuzitunga mimi. Lakini foleni yenu ipo pale pale. Mwakani, au mwaka utakaofuata, ikitokea nyingine..."

"Mwisho wa mwezi tunahama."

"Najua, bibi. Najua."

Asiyekuwepo na lake halipo. Rösli aliutazama mto ukipita kwa haraka chini yake, kijani kibichi. "Asante sana, Bwana Achermann," alisema. "Siku njema, na upate nafuu." Alipokata simu alijichukia kwa ile asante.

Kobi alimngojea kando ya kundi. "Nani huyo?"

"Irène."

"Anataka nini?"

"Kama tumekula."

"Achermann bado?"

"Bado."

*

Melini waliketi nyuma, kwenye sitaha, pamoja na Bibi Petersen na kofia yake. Luzern ilirudi nyuma taratibu, minara yake miwili, mahoteli yake, na mlima wa Pilatus umejifunika kichwa. Mtaa wa Basel hauonekani kutoka ziwani. Rösli alikuwa ameamua kutomwambia mumewe mpaka wafike nyumbani. Haikuwa huruma tu. Alikuwa amechoka, na kumwambia ilikuwa kazi. Angelazimika kumwona uso ukibadilika, kisha angelazimika kumfariji. Sasa hivi alikuwa na hasira naye kiasi cha kutamani kumsukuma majini. Alitamani pia kumfunga skafu vizuri, kwani upepo ulikuwa wa baridi na koo la Kobi ni bovu. Alimfunga skafu.

Kobi naye, ambaye siku nzima hazungumzi, alishikwa na maneno.

"Kitanda tutakiweka upande wa dirisha," alisema. "Kabati ukutani, mkono wa kushoto ukiingia. Vyote viwili vinaingia, nilipima kwa macho."

"Vinaingia," Rösli alisema.

"Kile chumba cha nusu kitakuwa chako. Weka cherehani. Mapazia ya hapa hayatoshi, madirisha ya kule ni mapana. Utashona mengine?"

"Nitashona."

"Rangi gani?"

"Unataka rangi gani, Kobi?"

"Wewe taja. Nyumba ni yako."

"Kijani," alisema.

"Kijani ni nzuri. Na balkoni tutapanda nyanya. Wale wa chini," aliashiria kwa kidole chini, akimaanisha wa makaburini, "hawatalalamika majani yakiwaangukia."

Bibi Petersen alicheka bila kujua kinachochekwa. Rösli aligeuka akatazama maji. Miaka arobaini na sita ya ndoa hakuwahi kumsikia Kobi akipanga mapazia. Mtu huyu ukimuuliza supu iwe ya nini hujibu, ya moto. Leo alijaza nyumba ile chumba baada ya chumba, akapigilia misumari ya picha, akaweka meza, akahamisha meza, na Rösli akawa anaitikia tu, vinaingia, inafaa, sawa.

Meli ikatia nanga.

*

Gatini Ladina aliagana na kila mmoja kwa mkono, akimpa kipande cha chokoleti. Alipowafikia akina Zemp alitazama karatasi yake.

"Nyinyi tiketi zenu zimelipiwa na kampuni ya majumba, ndiyo? Wameniomba niulize kama wateja wao wameridhika."

Kobi alisimama wima. "Tumeridhika," alisema. "Umeeleza vizuri sana. Waambie asante."

"Usiwaambie asante!"

Rösli mwenyewe alishtuka. Sauti ilikuwa yake. Watu waligeuka gati nzima. "Usithubutu kuwaambia asante," alisema tena, na sasa hakuweza kujizuia. "Tumelipa kodi tarehe mosi, kila tarehe mosi! Tumefagia ngazi zao! Tumesugua jiko lao wanalokwenda kulivunja! Na wewe unawashukuru kwa matembezi? Wewe, Kobi, ni lini utaacha kuwashukuru watu?"

Ladina alibaki na chokoleti mkononi. "Samahani, bibi, mimi sikujua..."

"Si kosa lako, mwanangu," Rösli alisema, akashika kizuizi cha gati.

Kobi alimsogelea. Hakuonekana kushangaa. "Ungemwambia Achermann kwamba niliizima mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Kwamba wewe ulikataa. Labda wangefikiria."

Rösli alimtazama. "Ulijua?"

"Nilikuona pale mtoni. Ukizungumza na Irène huwa unaegemea kitu. Ulisimama kama askari."

"Na mapazia? Na nyanya?"

"Sikujua niseme nini kingine." Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Mpigie, Rösli. Mwambie ni mimi."

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Angeweza kumdanganya. Alitafuta uongo wa kumpa, hakuupata. "Alisema ulifanya vizuri," alisema.

Kobi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu akaielewa. Kisha, palepale gatini, katikati ya watu, yeye ambaye hata mazikoni kwa mamake alikaza taya mpaka mwisho, alianza kulia. Alilia bila kujificha, kibandiko cha manjano kifuani, mabega yakipanda na kushuka. Rösli alimpokonya kofia, akamshika mkono. Hasira ilikuwa imemwisha, hakubaki na kitu.

Bibi Petersen, aliyekuwa amesimama mbali, akasikia kelele bila kuyashika maneno, alikuja mbio akifungua mkoba. Alimpa Kobi kitambaa cha karatasi, na yeye mwenyewe macho yake yalikuwa na machozi.

"Lia, baba, lia, si aibu," alisema. "Hata mimi ilinishika kule ziwani. Nilisema, marehemu wangu angeyaona haya! Uzuri ukizidi unauma." Akampigapiga bega, kisha akamgeukia Rösli. "Mimi kesho asubuhi narudi Bremen. Nyinyi mnaondoka lini?"

"Mwisho wa mwezi," Rösli alisema.

"Wiki tatu nzima!" Bibi Petersen aliukumbatia mkoba wake, akautazama mji, madaraja, minara, milima. "Mna bahati nyinyi. Mna bahati kweli."